Ndoo Aliyoitua Mjukuu Wangu

Siku mjukuu wangu alipotua ndoo mbele ya nchi nzima, mimi nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda dukani pale senta ya Rugu, nimetoka kanisani, viatu nimevivua. Ilikuwa Jumapili, wakati wa marudio. Kipindi chenyewe hutoka usiku, lakini usiku mimi nalala. Mwenye duka ana sola kubwa, kwa hiyo marudio yanaonekana vizuri, na watu hujaa mpaka barazani.

Kwa ambaye hakukiona kipindi hicho, ni hivi. Vijana wanachukuliwa kutoka mikoani, wanafungiwa katika nyumba moja Dar es Salaam, kamera kila pembe. Kila wiki wanapewa kazi ya kushindana. Atakayeshinda hapigiwi kura wiki ile. Wengine wanapigiana kura wao kwa wao, mmoja anafunga begi na kutoka. Wa mwisho kubaki ndiye anayepewa zawadi. Mjukuu wangu alikwenda kwenye usaili Bukoba kwa mzaha tu, akimsindikiza mwenzake wa saluni ya Kayanga. Mwenzake akaachwa, yeye akachukuliwa.

Waliokuwa dukani siku ile nawakumbuka wote kwa majina, na nani alikaa wapi. Siyaandiki. Wengi ni wazima, tunakutana kisimani na kanisani, na wapo waliosema maneno ambayo leo wasingependa kuyasikia.

Kazi ya wiki hiyo ilikuwa ndoo. Kila mmoja alitwikwa ndoo ya maji, imejaa mpaka ukingoni, akapandishwa kwenye kibao chembamba, asimame hapo bila kuishika. Anayeishika ametoka. Anayeitua ametoka. Atakayebaki mwisho ameshinda.

Dereva mmoja wa bodaboda alipiga paja lake. "Ndoo! Wamempa Mnyambo, mtoto wa Karagwe, ndoo! Hapa tumeshamaliza. Wamuongezee na mkungu wa ndizi juu!"

Watu wakacheka, mimi pia nikacheka. Yule mtoto amebeba maji tangu hajaota meno ya pili. Kisima chetu kiko bondeni na nyumba iko juu, na njia yenyewe mvua ikinyesha inateleza kama sabuni.

Basi wakaanguka mmoja mmoja. Vijana wa kiume ndio walitangulia, na dukani wanawake wakapiga vigelegele. Mwisho wakabaki wawili, mjukuu wangu na msichana mwingine mwembamba, wa mjini, shingo yake inatetemeka hata sisi huku tunaiona. Mjukuu wangu alikuwa ametulia. Shingo imenyooka, macho mbele, mikono imelala. Bodaboda akasema, "Huyo mwingine bado kidogo tu. Hesabuni."

Ndipo mjukuu wangu akainua mikono, akaishika ndoo, akakunja magoti taratibu, akaitua chini. Hakuna tone lililomwagika. Akasimama, akaanza kutembea kumwelekea yule mwenzake. Halafu picha ikakatwa, wakaleta tangazo la sabuni. Waliporudi, mwembamba yule alikuwa analia huku anakumbatiwa, na mtangazaji anasema mshiriki wetu kutoka Kagera amekata tamaa.

Duka lote likasema kwa pamoja.

"Ameacha!"

"Hajaacha, kapiga hesabu. Ukishinda wanakuogopa, wanaungana kukutoa. Kajishusha makusudi."

"Hesabu gani, wewe? Mtu ana ushindi kichwani, anauweka chini?"

"Wewe hata bao unafungwa kila siku, utajua hesabu?"

"Bibi," bodaboda akanigeukia, uso umemshuka kama amefiwa, "samahani, Bibi yangu, lakini mjukuu wako katuaibisha Karagwe nzima mpaka Kyerwa. Ndoo! Ingekuwa kuogelea tungesema sawa, hatuna bahari."

Nilikuwa namtazama mwanangu mkubwa, aliyesimama mlangoni na Biblia yake kwapani. Yeye ni mzee wa usharika na ndiye mkubwa wa familia yetu tangu baba yake afariki. Hakucheka, hakubishana. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, umeona mwenyewe," akaondoka.

Nilijua anasema nini. Hakuwa anasema habari ya ndoo. Alikuwa anasema habari ya kibanja.

Kibanja cha ukoo, chenye migomba ya mababu na makaburi yao, ni cha wanangu wawili wa kiume, na hilo halina maneno. Lakini kiko kipande kingine upande wa chini, kinachopakana na shamba la mwanangu mkubwa. Hicho nilikinunua mwenyewe kwa jirani aliyehamia Nyakatuntu, mume wangu akiwa hai na akiwa shahidi. Nilikinunua kwa mikeka na kwa kahawa yangu ya pembeni. Hapo ndipo nilipomzika binti yangu, mama wa mtoto huyu. Aliolewa, akarudi akiwa mgonjwa, na wakubwa wa ukoo walisema mwanamke aliyekwisha kutolewa mahari hazikwi katikati ya baba zake. Nikasema vizuri, nami ninapo pangu.

Baba wa mtoto alikuwa wa familia iliyotoka Burundi, watu wa vibarua vya kahawa, wapole, wacha Mungu. Walihama kutafuta kazi kwingine, naye akahama nao, mtoto akabaki mikononi mwangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Kwa hiyo yule msichana hapa alikuwa na bibi na kaburi la mama, basi. Nilitaka awe na kile kipande. Ningeweza kumpa tu, ni changu. Lakini nilijua jambo moja, na kila mwanamke wa huku analijua. Mpaka ambao wajomba hawakuushuhudia unang'olewa siku unapozikwa wewe mwenyewe, kabla majani yaliyotandikwa matangani hayajakauka. Nilihitaji wanangu wasimame pale, na mkubwa hasa.

Na mkubwa alikuwa amekwisha kuniambia neno lake wakati wa kuchuma kahawa. "Mama, mimi sina choyo. Lakini huyu mtoto ni wa kuacha. Aliacha cherehani kwa fundi baada ya sisi kuhangaika. Aliacha nyumba ya mchumba wake Nyakatuntu, posa imeshapokelewa, mimi ndiye niliyeirudisha kwa aibu. Ukimpa kibanja atakiacha, kitauzwa kwa mgeni, na kaburi la dada yangu litakuwa chini ya miti ya mgeni. Acha kwanza tuone kama ni mtu wa kukaa na jambo."

Ndiyo maana alikuwa anakuja kutazama marudio, mtu asiyependa televisheni. Alikuwa anaona.

Wiki iliyofuata wakampigia kura akatoka. Na kati ya waliompigia kura alikuwemo yule mwembamba aliyemwachia ushindi. Dukani walichoka kusema.

Mimi nilikuwa na maneno yangu, na niliyasema kila mahali, kisimani, kwenye kikundi cha akina mama, hata pale hospitali ya Nyakahanga nilipokwenda kupima presha, kwenye benchi na watu nisiowajua. Nilisema hivi. Zamani tulipokuwa tunabeba mikungu kwenda mnadani, wanawake wawili mkiwa njiani, mzigo mzito hautuliwi na kila mtu peke yake, shingo itavunjika. Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye anayetua wa kwanza, kwa sababu yeye anaweza kukunja magoti na kujitua. Kisha anakwenda kumtua mwenzake. Anayetua kwanza hakushindwa. Ndiye mwenye uwezo. Nyie mlimwona mtoto wangu, hakumwaga tone, akaanza kwenda kwa mwenzake, ndipo wakaleta sabuni yao. Alikwenda kumtua! Ndiyo malezi.

Akina mama walipenda sana maneno hayo. Mmoja alifuta machozi. Nami kila nilipoyasema niliyaamini zaidi.

Alirudi kwa bodaboda kutoka Kayanga, begi dogo, nywele za kushonea. Akapiga magoti, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hawawapi chakula kwenye hizo kamera?"

"Wanatupa, Bibi. Ila ndizi zao ni za kukaanga na sukari."

"Mungu wangu."

Hakutoka nje siku za kwanza. Watoto walipita njiani wamejitwika vikopo, wanavitua kwa madaha na kukimbia wakicheka. Aliwatazama dirishani. Nilipomuuliza habari ya ndoo aliniambia amewekewa masharti na alitia sahihi, haruhusiwi kusema ya ndani mpaka kipindi kiishe. Nikasema sawa, ahadi ni ahadi. Moyoni nilifurahi, maana mjomba wake alikuja kuuliza naye akapata jibu hilohilo.

Kipindi kikaisha. Mwanangu mkubwa akasema Jumamosi tukae, wanandugu na mwenyekiti wa kitongoji, jambo la kibanja liishe.

Siku moja kabla ya kukaa, tulikuwa kwenye kile kipande, tunakata majani makavu ya migomba na kuyatandika kwenye mashina. Nikamwambia, "Kesho mjomba wako atakuuliza. Ukimwambia ulipanga, wanaume watakuelewa. Wanaume wanaheshimu hila. Au mwambie ulikwenda kumtua mwenzako. Hilo ndilo bora, hata mchungaji ameshalisikia."

"Amelisikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

Akacheka kidogo, akaendelea kukata. Kisha akauliza, "Na kama si hivyo, Bibi?"

"Si hivyo kwa vipi?"

"Kama silo mojawapo ya hayo mawili."

Nilimwonyesha kaburi la mama yake kwa ncha ya kisu. Sasa naona nilimwekea mzigo mkubwa, lakini siku ile nilikuwa naona kibanja tu.

Jumamosi wakaja asubuhi. Mwanangu mkubwa, mdogo wake ambaye hupenda utani na hapendi ugomvi, mwenyekiti wa kitongoji, na jirani mmoja mzee aliyekuwepo siku niliyonunua. Nilitoa kikapu cha kahawa ya kutafuna, kila mmoja akachukua punje zake. Nje ukutani nilikuwa nimeegemeza miche ya mlamula. Ndio mmea wetu wa mpaka. Ukipandwa mbele ya watu, nao wakaushika unapofukiwa, ardhi imesema. Mwanangu mkubwa aliiona alipoingia, akaipita.

Mtoto akakaa chini kwenye mkeka. Mjomba akamwambia, "Hatuko hapa kukucheka. Waliocheka wameshacheka. Nataka kujua kwa kinywa chako. Ile siku ya ndoo, uliacha au ulipanga?"

"Niliacha, Mjomba."

Niliitema punje ya kahawa mkononi.

Mjomba wake mdogo akajaribu kumsaidia. "Uliacha kwa sababu ulichoka, au siyo? Shingo."

"Sikuchoka, Mjomba mdogo. Ningeweza kusimama mpaka jioni."

"Basi ulipanga."

"Sikupanga. Wenzangu walisema nimepanga, ndiyo maana wakanipigia kura. Wakasema huyu ana akili ya chini chini."

"Sasa ilikuwa nini?" akauliza mwenyekiti, amesogeza kiti mbele kabisa kama yuko dukani.

Mtoto alifikiri. "Nilikuwa nimesimama pale nikajiuliza, haya maji yanakwenda wapi? Tangu nikiwa mdogo nimebeba maji yakienda mahali. Ya kupikia, ya Bibi kuoga, ya kumwosha mama alipokuwa amelala mgonjwa. Haya yalikuwa hayaendi popote. Tukimaliza wanayamwaga, niliona wiki zilizopita, wanayamwaga hapohapo kwenye zege. Nikaona siwezi tena kuyabeba. Nikayatua."

"Na yule mwenzako?" niliuliza mimi. "Ulikuwa unakwenda kumtua."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinichoma. "Bibi, ngazi ya kushukia ilikuwa upande wake."

Mdogo alicheka, akaziba mdomo. Nilikumbuka benchi lote la Nyakahanga.

Mwanangu mkubwa hakucheka. "Kwa hiyo uliacha. Kama ulivyoacha cherehani. Kama ulivyoacha nyumba ya watu."

"Cherehani niliacha, Mjomba, nilikuwa mvivu, na ninakuomba radhi. Nyakatuntu sikuacha. Niliondoka. Yule mtu alikuwa ameshaanza kunipiga kabla hata ya harusi. Sikukuambia, kwa sababu posa ulikuwa umeipokea wewe."

Nje kuku walikuwa wanapekua majani. Sikuwa najua habari hiyo, na mwanangu pia hakuwa anajua. Niliona mkono wake umeacha kuzungusha punje za kahawa.

Kisha akasema, "Na kibanja? Utaniahidi hutakiacha?"

Nilimwomba Mungu aseme ndiyo. Ni neno fupi. Watu wangapi wamelisema mbele ya madhabahu bila kulijua?

"Siwezi kukuahidi," akasema. "Nakipenda. Mama yangu yuko pale. Lakini nikikuahidi leo nitakuwa nasema ili nipewe."

Mwanangu akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha. "Mama, kipande ni chako, ulikinunua, sikatai. Mpe. Lakini mimi mlamula sitaushika. Siwezi kushuhudia jambo ambalo mwenyewe hajui kama atakaa nalo." Akatoka, akaenda shambani kwake upande wa chini, tukasikia jembe lake likianza.

Mwenyekiti akasema tunaweza kuahirisha. Nikasema hapana, mimi si wa kuahirisha, umri wangu hauahirishi. Tukachukua miche tukashuka.

Pembe ya kwanza mche aliushika jirani mzee. Ya pili mwenyekiti, baada ya kuweka simu mfukoni. Ya tatu aliushika mdogo, akisema, "Kaka akiniuliza nitasema nilikuwa nauzuia usianguke." Tulicheka, lakini kwa taabu, maana ilibaki pembe ya nne, inayopakana na mkubwa. Hizo tatu nyingine hakuna atakayezigusa. Hii ndiyo ingeng'olewa.

Mtoto alichukua jembe akaanza kuchimba. Nikaona hachimbi mpakani. Alikuwa ameingia ndani, upande wake mwenyewe, ameuacha mstari kwa mjomba. Mdogo akasema kwa mnong'ono, "We mtoto, unajipunja." Akauweka mche kwenye shimo, akaushika mwenyewe kwa mkono mmoja, akawa anavuta udongo kwa mwingine.

Jembe la upande wa pili likanyamaza.

Mwanangu mkubwa alitokea katikati ya migomba, jasho linamtoka, akasimama akitazama lile shimo. "Kwa nini umepanda hapo? Mpaka hauko hapo. Mpaka uko hapa, kila mtu anaujua."

"Pale kuna chipukizi la mgomba wako, Mjomba. Nikichimba nitalikata."

Akatazama. Kweli lilikuwepo, chipukizi jipya limetoka mstarini hasa, lenye afya, majani yake bado yamejikunja. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko linavyostahili chipukizi.

Watu wameniuliza tangu siku ile kama mtoto alifanya hivyo kwa makusudi. Bodaboda wa dukani alipoisikia habari alisema sasa ndiyo amethibitisha, huyu ni mtu wa hesabu kali, hata ile ndoo ilikuwa hesabu. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote na nilimtazama usoni. Niliona mtu anayeogopa kukata mgomba wa mwenzake. Lakini nilikwisha kuona vibaya mara moja, kwenye televisheni, kwa hiyo siapi.

Mwanangu akamwambia, "Toa huo mche."

Akautoa. Mjomba akachukua jembe mkononi mwa mtoto, akalizungukia chipukizi lake taratibu, akaling'oa na udongo wake, akaliweka kando kwenye kivuli. Kisha akalipanua shimo lile lililobaki, pale pale kwenye mstari. "Sitaki kesho na keshokutwa watu waseme nilikula ardhi ya yatima," akasema, na sauti yake ilikuwa kali kama ya mtu anayegombana. "Leta hapa."

Mtoto akauweka mche. Mjomba akaushika shina kwa mikono miwili, ukasimama wima, na mtoto akafukia. Mwenyekiti, jirani na mimi tulikuwa tunatazama.

Walipomaliza, wakakanyaga udongo wote wawili, huyu upande huu, yule upande ule. Mjomba akapangusa mikono kwenye suruali. Hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto.

"Ukitaka kukiacha," akasema, "uje uniambie mimi kwanza. Si mtu mwingine. Mimi."

"Nitakuja kukuambia, Mjomba."

"Na yule wa Nyakatuntu. Ungeniambia."

"Ndiyo, Mjomba."

Akabeba chipukizi lake, akarudi nalo upande wake kutafuta mahali pa kulipanda.